Kasha la Bati na Kadi ya Feni Tatu

Kufuli lilikuwa jipya, kubwa kama ngumi, na juu yake palibandikwa karatasi: jengo limeuzwa, ukumbi hautafunguliwa tena. Cheche aliisoma mara mbili, ovaroli ya kazini bado mwilini na masizi shingoni, kama mtu anayesoma tangazo la msiba wa jirani aliyemsalimia jana tu.

Cheche halikuwa jina lake la kuzaliwa. Alipewa na wateja wa karakana. Kwa miaka kumi na mitatu alikuwa akichomelea mageti, madirisha na ngazi za chuma, mwanamke peke yake kati ya wanaume sita, na wateja wengi waliona cheche zake kabla ya kuuona uso. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na minne. Jioni, wenzake walipokwenda kutazama mpira, yeye alipitia ukumbi ule wa michezo ya kompyuta, akalipia saa moja na nusu, akavaa vipokea sauti, na kuanzia hapo akawa mlinzi wa mlango katika mchezo wa kikosi, watano kwa watano. Mlango aliousimamia Cheche haukupitika hivihivi. Vijana waliomcheka alipoanza walikuja kugombania kuwa upande wake.

Alikuwa bado amesimama mbele ya kufuli simu ilipoita. Ilikuwa sauti aliyoijua bila kuijua sura yake: Nahodha, kiongozi wa kikosi kimoja cha ligi, ambaye mara kwa mara alikutana naye mchezoni kama adui.

"Cheche, tuna nafasi mbili. Majaribio ni Jumamosi ya wiki ijayo, saa tisa alasiri. Kila mtu anachezea kwake. Ila nikwambie mapema, mashine inayokwamakwama hatuitaki, tulishaumwa na nyoka. Unayo mashine nzuri?"

Cheche alilitazama kufuli.

"Ninayo," alisema.

Hakuwa na mashine, wala nzuri wala mbaya. Alitembea hadi nyumbani akihesabu kwa vidole. Siku kumi na moja.

Nyumbani aliishi na mama yao na kaka yake mkubwa, fundi umeme wa majumbani, mtu ambaye angeweza kupapasa ukuta akakuonyesha waya unapopita. Kaka huyo ndiye aliyekataa katakata siku Cheche aliposema anataka kujifunza kuchomelea. Alisema chuma si kazi ya msichana, utapofuka, utaungua. Cheche alikwenda peke yake, na mpaka leo hawajawahi kulizungumza jambo lile. Waliishi kwa heshima, lakini ilikuwa heshima ya watu wawili wanaopishana kwenye ngazi nyembamba.

Usiri haukuwa tabia yake, kwa hiyo aliwaambia wakiwa sebuleni, mama akikunja nguo.

"Kompyuta ya kuchezea?" kaka aliuliza. "Mtu mzima wewe?"

"Ya kuchezea kwenye ligi, kaka. Wanalipwa."

"Wewe umeshalipwa?"

"Bado."

"Basi sema wao wanalipwa." Aliweka simu yake chini. "Na hiyo mashine utaichomeka wapi? Nyumba hii nyaya zake ni za enzi za marehemu baba. Soketi ya chumbani kwako haina hata waya wa kwenda ardhini."

"Wewe si fundi umeme?"

"Ndiyo maana nasema." Kisha, kwa sauti ya chini kidogo, "Pesa ni zako. Ila kisanduku cha umeme, kile kinachogawa umeme ndani ya mashine, usichukue cha bei ya kutupa. Nimeona nyumba za watu."

Mama alikunja shuka, akakunja na tabasamu lake. "Mwache mtoto. Mwenye macho haambiwi tazama."

Cheche alisikia lile la kwanza tu, "mtu mzima wewe," na mengine yote yakapita sikio moja yakatokea la pili. Ndivyo tulivyo: tukishaumia na neno, shauri jema linalofuata tunalisikia kama tusi la pili.

Pesa alizokuwa nazo zilikuwa za geti la ghala, kazi ya pembeni aliyoifanya siku zake za mapumziko kwa miezi miwili. Za kuongeza hazikuwepo. Kesho yake, saa ya chakula, alichukua chaki ya kuchorea chuma akaandika orodha juu ya kipande cha bati. Prosesa, maana ndiyo ubongo. Bodi ya kupachikia kila kitu. Memori vipande viwili. Diski. Kadi ya picha, ile inayochora mchezo kwenye skrini. Kisanduku cha umeme. Kasha. Alijumlisha, akafuta kwa kiganja, akajumlisha tena. Kila alipovuta upande mmoja, upande mwingine ulibaki wazi, kama shuka fupi kitandani. Mwishowe akapiga mstari juu ya neno kasha. Kasha ni bati lenye matundu, na mtu anayechonga mageti hawezi kununua bati lenye matundu.

Duka la vipuri alilokwenda Jumamosi lilikuwa ghorofa ya pili, juu ya kinyozi, chumba chembamba kiasi kwamba wateja wawili wakikutana, ilibidi mmoja arudi nyuma. Mwenyewe walimwita Miwani, kwa sababu alivaa miwani mbili, moja machoni na nyingine juu ya kipara. Alikuwa mtu wa polepole. Alimpa prosesa iliyotumika, akamwonyesha chini ya taa kwamba haina mguu uliopinda. Akampa bodi, memori, diski ndogo lakini mpya. Mpaka hapo walikwenda vizuri. Kisha akaweka kadi mbili juu ya meza.

Moja ilikuwa ya feni mbili, ya wastani, yenye dhamana ya mwaka mzima. Nyingine ilikuwa ya feni tatu, ndefu kama tofali, imetumika, na nguvu yake ilikuwa karibu mara mbili ya ile.

"Hii kubwa nitaipata?" Cheche aliuliza.

"Utaipata. Lakini ukiichukua, pesa iliyobaki inatosha kisanduku hiki tu." Alimpa mkononi. Kilikuwa chepesi kama boksi la viatu lisilo na viatu. Halafu akampa kingine, mkono ukashuka. "Unaona? Uzito ule ni shaba na chuma cha ndani. Kwenye hiki chepesi, sehemu kubwa ni hewa na stika."

"Kwa nini unakiuza basi?"

"Dada, mimi nauza vyote. Wa ofisini anayeandika barua, kinamtosha. Lakini ningekuwa wewe ningechukua kadi ndogo na kisanduku kizito. Kadi kubwa ni mlaji. Huwezi kumwalika mlaji halafu ukapika sufuria ndogo."

Cheche aliigeuza kadi kubwa mikononi. Alikumbuka neno la Nahodha, mashine inayokwamakwama. Alikumbuka pia, ingawa hakutaka, uso wa kaka yake akisema usichukue cha bei ya kutupa. Moyo wake ulikwisha kwenda na zile feni tatu, na ulimi ukaufuata.

"Nipe kubwa."

Miwani alimtazama kwa miwani ya machoni, kisha akashusha na ya kiparani. "Sawa. Nina utaratibu wa kubadilisha ndani ya siku saba, kitu kikiwa hakijaungua wala kufunguliwa. Weka risiti."

Siku nne zilizofuata alitengeneza kasha. Alipata mabaki ya bati la tangi, milimita moja, akalikata, akalikunja, akatoboa matundu ya hewa zaidi ya mia mbili kwa mashine ya kutobolea, akayapiga tupa moja baada ya moja ili yasikate mkono. Bosi wa karakana alipita akasimama.

"Hilo ni jiko au banda la kuku?"

"Ni kompyuta, bosi."

"Haya. Ikianza kutaga utuambie."

Waliangua kicheko karakana nzima, naye akacheka nao, lakini futi ya kupimia haikutoka mkononi. Bodi ya kompyuta haitakiwi kugusa bati popote. Inakaa juu ya vijiguu tisa vya shaba, na kijiguu kimoja kikikosea sehemu, umeme unapita pasipo njia yake na kila kitu kinakufa kabla hata hakijazaliwa. Alipima mara tatu kwa kila tundu. Zaidi ya hapo aliogopa unga wa chuma, ule unaobaki kila unapokata. Chembe moja tu inatosha. Alilisugua kasha kwa brashi, akalipuliza upepo wa kompresa, akalifuta kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, akaanza upya.

Jumatano alasiri aliunganisha vipande juu ya meza ya chumbani, mama akiwa mlangoni hataki kuingia asije akapumua vibaya. Alipaka dawa ya kupooza joto juu ya prosesa, nyeupe kama dawa ya meno. Akapachika memori, akasikia zikilia tik, tik. Akabonyeza swichi. Feni zote zilizunguka, na skrini ya kukodi ikawaka.

Mama alipiga kigelegele. Kaka alichungulia, akatazama kisanduku cha umeme kwa muda mrefu kuliko alivyotazama vingine, kisha akaondoka.

Ijumaa, siku moja kabla ya majaribio, Cheche aliomba ruhusa atoke kazini mapema. Saa tisa na nusu alikuwa mezani. Mchezo ulikuwa mzuri ajabu. Aliona majani yakitikisika, aliona kivuli cha adui kabla ya adui mwenyewe. Raundi ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Katikati ya raundi ya tatu alisikia harufu anayoijua vizuri, harufu ya umeme uliochoka.

Kabla hajanyoosha mkono, kitu kililia *pa!* ndani ya kasha. Mwanga wa buluu uliruka nyuma ya meza, skrini ikafa, feni ya dari ikaanza kupunguza mwendo, na redio ya mama sebuleni ikanyamaza katikati ya neno.

"Uko hai?" mama alipiga kelele. "Mwanangu, sema kitu!"

"Niko hai, mama."

Kaka aliingia akiwa na viatu vya kazi, tochi mkononi. Hakumtazama yeye. Alichomoa waya ukutani, akaweka kiganja kwenye soketi, akanusa. Ukuta kuzunguka soketi ulikuwa umepiga weusi.

"Nilikwambia," alisema.

"Ulisema."

"Nilikwambia, ukanisikia kama mbu! Mama analala ukuta wa pili! Ingekuwa umetoka kidogo, umeiacha inawaka, leo tungekuwa tunaokota nini hapa?"

"Sema basi lile lingine!" Cheche alisimama, na sauti iliyotoka ilikuwa imefungiwa miaka kumi na mitatu. "Sema nilikwambia na kuchomelea usiende! Si unangoja siku niungue ili uwe mkweli?"

Kaka alizima tochi, ingawa hakuna aliyemwambia.

"Siku ile uliyokwenda karakana peke yako," alisema polepole, "nilikufuata. Nilisimama ng'ambo ya barabara mpaka saa sita. Nilikuona umeshika ile fimbo ya kuchomelea kwa mikono miwili. Nilirudi nyumbani kwa sababu niliona unaweza. Sikukwambia. Hilo kosa ni langu." Akachutama kando ya kasha. "Sasa toa hiki kitu kilichokufa, tuone kama kimekufa peke yake au kimeondoka na wenzake."

Hilo ndilo swali alilokuwa akijiuliza Cheche pia. Kisanduku cha umeme kikilipuka huweza kufa peke yake, na huweza kuvuta bodi, prosesa na kadi vikafuata kama ndugu waliofungwa kamba moja. Kwa macho huwezi kujua. Duka hufungwa saa kumi na moja, na sasa ilikuwa saa kumi na dakika arobaini. Alilibeba kasha zima begani kama anavyobeba fremu ya dirisha, kaka akabeba nyaya, wakatembea kwa haraka mpaka jasho likawaingia machoni.

Miwani alikuwa anavuta chini shata, lile pazia la bati la mlangoni. Aliwaona, akainusa hewa, akaisukuma shata juu tena.

"Kimelipuka?"

"Kimelipuka."

Miwani alichukua kisanduku kizito cha kujaribia vipuri, akaunganisha bodi peke yake. Feni ya prosesa ikazunguka. Skrini ikabaki nyeusi.

Miwani alitoa memori zote mbili, akasugua vimeno vya dhahabu vya memori hizo kwa kifutio cha penseli, akarudisha moja. Nyeusi. Akaitoa, akaweka ile nyingine, kwenye tundu la pili. Skrini ilitoa mstari mmoja wa maandishi meupe, kisha mwingine.

"Bodi iko hai," alisema Miwani. "Prosesa hai. Memori moja imekufa." Akaichukua kadi kubwa, akaipachika. Feni tatu zikazunguka, picha ikaja. "Na bibi harusi yuko salama."

Kaka alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa kama mtu aliyekatwa kamba.

"Nichukulie kadi kubwa," Cheche alisema. "Nipe ndogo na kisanduku kizito, na memori moja badala ya hii. Siku saba hazijaisha."

Miwani alikuna kipara. "Dada, kadi haijaungua, kweli. Lakini imepita kwenye moto. Nitakayemuuzia nitamwambia, na nikimwambia atapunguza bei. Bado kuna pengo."

"Pengo kubwa?"

"La wiki yako moja ya kazi."

Kaka aliingiza mkono mfukoni. Cheche alimshika kifundo cha mkono kumzuia. Alikuwa ameona kitu tangu siku ya kwanza, ila siku ile akili yake ilikuwa kwenye feni tatu: mlango wa duka lile ulikuwa wa mbao tupu, na shata yenyewe ilikuwa imepinda upande mmoja kiasi kwamba mtoto angeweza kuingiza mkono.

"Fundi, hiyo shata yako haikupi usingizi."

"Nani kakwambia?"

"Imenionyesha yenyewe. Nitakutengenezea grili ya ndani, ya kukunja, ya nondo nene, yenye kufuli la katikati. Chuma utanunua wewe. Kazi yangu ndiyo itakayoziba pengo."

Miwani aligonga kasha la bati kwa kifundo cha kidole, akapitisha kidole kwenye matundu, akakagua kama kitakatwa. Hakikukatwa.

"Hili umetengeneza wewe?"

"Mikono hii."

"Nyoofu kuliko yanayokuja na meli," alisema, na kuanza kukifungua kisanduku kizito kutoka kwenye boksi lake.

Jumamosi asubuhi kaka aliamka kabla ya watu wote. Cheche alipotoka nje alimkuta uani akipigilia ardhini fimbo ndefu ya shaba kwa nyundo. Alivuta waya mpya mpaka chumbani, akabadilisha soketi, akapima kwa mita yake, akapima tena. Walifanya kazi bila maneno mengi. "Nishikie hapa." "Vuta kidogo." Cheche alipachika kadi ndogo na akafunga skrubu za mwisho saa nane kasorobo.

Saa tisa kamili sauti ya Nahodha iliingia masikioni mwake. "Michezo mitatu. Hatutoi maelezo katikati."

Cheche alikuwa ameshusha ubora wa picha mpaka chini kabisa. Majani hayakuwa na kivuli, maji yalikuwa kama bati lililopakwa rangi, kuta zilionekana kama zimechorwa na mtoto. Lakini picha ilikwenda laini, haikukwama hata mara moja. Pamoja na hayo, mchezo wa kwanza alikufa mapema, mara nne. Masikio yake yalikuwa kwenye kasha kuliko kwenye adui. Kila feni ilipoongeza sauti, alinusa. Nyuma yake kaka alisimama koridoni karibu na swichi kuu, mkono juu, kama mlinzi wa benki.

Mchezo wa pili wakashindwa tena, kwa tofauti ndogo.

"Dada," kaka alisema kwa utulivu, "nimeshika mita. Umeme umetulia. Huku niachie mimi."

Cheche hakugeuka, lakini mabega yake yalishuka. Mchezo wa tatu alirudi kwenye mlango wake. Waliobaki hai upande wake alikuwa yeye na Nahodha, dhidi ya wanne. Wa kwanza akaja mbio, Cheche akamwangusha. Wa pili na wa tatu wakajificha wakisubiri achoke, atoke mwenyewe. Hawakujua wanamsubiri mtu anayeweza kupiga magoti saa mbili juu ya kiungo kimoja cha chuma bila kutikisika. Alisubiri. Sekunde zilibaki ishirini, kumi na tano. Walipotoka wao, walitoka pamoja, na alikuwa ameshaelekeza macho pale; akawaangusha wote wawili. Wa mwisho alichukuliwa na Nahodha.

Masikioni palilipuka kelele. Kisha Nahodha akauliza, "Cheche, mashine yako ni ya aina gani? Haijakatika hata mara moja."

"Ya bati," alisema. "Na siku ulipopiga simu sikuwa nayo. Nilikudanganya."

"Unanambia ya nini sasa?"

"Kwa sababu sasa ninayo."

Jumatatu alipigiwa kwamba nafasi zote mbili zimekwenda kwa vijana wengine, yeye awe wa akiba. Ilimuuma, akachomelea mpaka giza likaingia. Wiki ya saba kijana mmoja alihamia kikosi kingine, nao wakamwita, na malipo ya kwanza, ingawa madogo, aliyapokea mwezi uliofuata. Miwani alipata grili yake, na baadaye akaagiza makasha matatu ya kuuza.

Siku ya mechi yake ya kwanza ya ligi, mama alivuta kiti akakaa nyuma yake, miguu juu ya mkeka, na kaka akasimama mlangoni na kikombe cha chai. Mama alitazama kwa makini muda mrefu, akatazama watu wadogo wakikimbia huku na huko kwenye skrini. Mwishowe akashindwa kuvumilia.

"Mwanangu, huyo anayepigwa ni wewe au adui?"

"Ni adui, mama."

"Haya," alisema mama, akasogeza kiti karibu. "Mpige tena."